Uzi: Kapaka kana tumbo jepesi, kila chakula kinakaharisha. Walioshafuga naombeni ushauri

tabata_mawenzi
Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili kwa upole maana najua humu ukitaja paka tu kuna watu wanaleta habari za wachawi.

Nina kapaka ka kike, kana kama wiki tisa hivi, nimepewa na mama mmoja hapa mtaani ambaye paka wake alizaa watoto watano. Kanacheza, kanapanda mapazia, kanalala ndani ya kiatu changu, yaani kwa kukaangalia huwezi kusema kanaumwa. Shida ni choo. Kinatoka kama uji wa ulezi, siku nyingine kimechanganyika na utelezi, na harufu yake ni ya kuhamisha watu chumba.

Kule kwa mama kalikuwa kananyonya na kula mabaki ya wali samaki. Kufika kwangu tukaanza na maziwa ya ng'ombe, kakaharisha. Nikaenda kuchukua chakula kikavu kile cha kupima kwenye mfuko, kakala kwa fujo, kakaharisha. Wife akasema tukape cha pakiti chenye mchuzi, kakaramba hadi sahani ikawa inatembea sakafuni, usiku wake mambo yale yale. Dagaa nao hivyo hivyo. Sasa jamaa mmoja kazini ananiambia kuna vyakula maalum vya paka wenye matumbo ya namna hii ila bei imechangamka, na kabla sijazama mfukoni nataka kusikia kwa walioshafuga. Ninunue kipi? Na nyuma ya pakiti niangalie nini maana zote zimechorwa paka anayecheka.

mzee_wa_feri
Mkuu unalea paka au mjukuu? Kwetu paka anakula ugali na dagaa, sikukuu anapewa kichwa cha samaki, na wanazeeka hapo hapo. Nyie wa mjini mmewageuza paka wazungu.

mifugo_kwanza
Mzee wa Feri, huyo paka wa kwenu anakula na panya, usisahau. Na mijusi, na panzi, na kifaranga cha jirani mkigeuka kidogo. Panya mmoja ana nyama, ana mfupa, ana ini, ana maji, mahitaji yote ya paka yamo mle, ugali wenu ni nyongeza tu. Paka wa kufungiwa ndani anategemea sahani peke yake, sahani ikikosa kitu na yeye kakikosa. Halafu hao wanaozeeka ndo unaowaona, wale walioharisha wakafa kabla hata hawajapewa jina nani anawakumbuka.

Turudi kwa mleta mada. Mimi sio daktari, nina diploma ya afya ya mifugo na nipo kliniki ya wanyama wadogo, kwa hiyo pokea kama ushauri wa mtu anayeshika mavi ya paka kila siku ya Mungu. Kwenye maelezo yako sioni chakula kibaya hata kimoja cha kukilaumu moja kwa moja ukiacha maziwa. Ninachoona ni vyakula vinne vimepita kwenye utumbo mmoja mdogo ndani ya muda mfupi, tena utumbo wa mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa. Paka anaanza kuonja chakula kigumu kwenye wiki ya nne na anamaliza kuachishwa kama wiki ya nane, yaani huyo wako kamaliza juzi. Bakteria wa tumboni na vile vimeng'enya vya kusagia chakula vinajipanga kufuata kinachoingia, ukibadilisha kabla havijajipanga kinachoingia kinatoka kama kilivyo. Ndo maana kawaida tunasema kubadili chakula kuchukue siku 7 hadi 10, robo kipya na robo tatu cha zamani, baadae nusu kwa nusu, halafu robo tatu kipya, ndo unahamia. Choo kikilegea katikati unasimama pale pale ulipofika, hauongezi.

Maziwa ya ng'ombe achana nayo. Sukari ya maziwa inahitaji kimeng'enya kinaitwa laktesi, na paka akishaachishwa hicho kimeng'enya kinapungua, sasa ile sukari inabaki utumbo mkubwa inavuta maji na kuchachuka. Atayapenda, atayamaliza, na atakuharishia kwenye zulia.

Ila kabla ya yote hayo nijibu maswali mawili. Dawa ya minyoo kapewa lini na ipi? Na kinyesi kimeshapimwa?

tabata_mawenzi
Ahsante sana mkuu. Kinyesi hakijapimwa, kusema kweli sikujua hata kama paka anapimwa choo. Dawa ya minyoo yule mama alisema aliwagawia kidonge cha watu, kila mmoja kipande.

dawa_chap
Mpe Flagyl robo asubuhi na jioni, siku tatu tu choo kinakaza. Na kama anaonekana kupooza mwongezee Panadol ya watoto ile ya maji. Mimi nimetibu paka wangu wote hivyo.

mifugo_kwanza
@dawa_chap futa hiyo post tafadhali, naongea kwa heshima kabisa. PANADOL INAUA PAKA. Sio inamdhuru kidogo, inamuua. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja paracetamol kama letu, inaharibu damu ishindwe kubeba oksijeni, ufizi unageuka wa kahawia au bluu, uso unavimba, na kwa kapaka ka nusu kilo hicho kiasi kidogo cha ya watoto kinatosha kumaliza kazi. Msomaji yeyote unayepita hapa chukua hilo moja hata kama mengine yote utayaacha.

Flagyl nayo, kuna magonjwa inatibu, lakini kuipiga bila kujua unatibu nini inafagia na bakteria wazuri waliokuwa wanajaribu kujipanga, choo kinakaza siku mbili kisha kinarudi. Na vidonge vya minyoo vya binadamu, mkuu Tabata, vingine kama albendazole vina historia ya kuharibu uboho wa paka pale vinapotengenezewa damu, afu "kipande" sio kipimo. Dawa ya paka inaenda kwa uzito.

Tena minyoo kwa paka mdogo sio jambo la kubahatisha. Yule mnyoo wa duara anapita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata kapaka kasikowahi kukanyaga nje kanaweza kuwa nao tayari. Ratiba inayofuatwa sana ni kuanzia wiki ya tatu, unarudia kila baada ya wiki mbili mpaka wiki mbili baada ya kuachishwa, halafu kila mwezi mpaka afikishe miezi sita. Ukiona kitumbo kimetuna na mgongo umechongoka usiende kwenye shelfu ya vyakula, nenda kapime choo kwanza.

binti_wa_kibokoni
Salaam kutoka Mombasa. Hapa Mji wa Kale paka ni wengi kushinda watu, nami nimelea wengi waliotupwa mlangoni, basi niongeze kidogo juu ya samaki maana watu wa pwani ndo tunapotelea hapo.

Dagaa, wa bara wasema omena, wakaushwao juwani huwa na mtanga na chumvi. Ukimpa mtoto wa paka hivo hivo walivyo tumbo halikubali. Ukitaka kuwatumia waoshe maji matatu manne, chemsha, mwaga yale maji, ondosha vichwa, na iwe kionjo tu, si mlo. Samaki mbichi pia si wa kumpa kila siku, baadhi yao wana kitu ndani chavunja vitamini B1 na paka akiikosa hiyo huanza kupepesuka kichwa kimeinama. Na samaki wa mafuta peke yake, kama jodari, kila siku mwezi mzima, huleta ugonjwa wa mafuta ya mwilini kuvimba hadi ukimshika analia. Haya si ya kutisha mtu, samaki ni sawa, lakini samaki pekee ndo tatizo.

Kuna mtu atakwambia maziwa ya mbuzi hayana neno. Yana sukari ile ile, yapungua kidogo tu.

tabata_mawenzi
Dada shukrani. Sasa niulize, wakati nasubiri kupima nimpe nini? Maana siwezi kumuacha na njaa, anakuja kunilia miguuni.

mifugo_kwanza
Usimfungishe kabisa, hilo la kumkatia chakula siku nzima ni la mbwa mkubwa. Kapaka ka umri huo kakikaa nusu siku bila kula sukari kwenye damu inashuka na kanaweza kulegea ghafla. Chemsha kifua cha kuku, ondoa ngozi na mfupa, usitie chumvi, usitie kitunguu wala saumu wala kiungo cha supu cha aina yoyote (kitunguu na saumu vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka, ndo maana mabaki ya pilau na mchuzi sio chakula chake hata kama analilia). Kisage laini na yale maji yake kidogo. Ukiwa na boga lililochemshwa ongeza kijiko cha chai kimoja, nyuzinyuzi zake zinasaidia kukusanya choo. Toa kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Nakwambia kidogo kidogo kwa sababu tumbo la paka wa umri huo ni dogo mno na kumshindilia peke yake kunatosha kumharisha, wewe mwenyewe umesema anakula kwa fujo.

Kuku huyo ni wa siku mbili tatu tu. Ukimlisha kifua cha kuku mwezi mzima mifupa yake italegea kwa kukosa kalsiamu, nimeshapokea paka wa miezi minne aliyevunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kochi na mwenye paka anaapa anamlisha nyama safi kila siku. Alikuwa anasema kweli.

Na maji yawepo muda wote. Mvute ngozi ya mabegani taratibu, ikichelewa kurudi mahali pake au ufizi ukawa mkavu wa kunata, ameshapungukiwa maji, hapo hausubiri kesho. Damu kwenye choo, kutapika, kugoma kula au kujikunja pembeni pia usisubiri, maana kuna ugonjwa wa virusi unaitwa panleukopenia unaanza hivyo hivyo na unaua watoto wa paka haraka. Chanjo yake inaanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Ukienda kupima choo ulizia na hiyo.

nyamachoma_ya_jumapili
Samahani naingilia. Chakula cha mbwa je? Kile ni nafuu na mfuko mkubwa, mbwa wangu anacho, si wote ni wanyama wala nyama?

paka_watatu
Hapana ndugu yangu. Paka anahitaji kitu kinaitwa taurini kutoka kwenye nyama, mbwa wengi mwili wao unajitengenezea wenyewe kwa hiyo chakula chao hakilazimiki kuwekewa. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka akipungukiwa taurini moyo wake unatanuka na kudhoofika, na macho pia yanaharibika taratibu. Baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini kwenye vyakula vya paka. Akidokoa punje mbili za mbwa hafi, lakini usimfanyie ndo chakula.

Sasa Tabata ngoja nikujibu lile la pakiti maana naona wote wamelikimbia na ndo ulilouliza. Nina paka watatu, mmoja wao alikuja na tumbo la hivyo hivyo.

Mbele ya pakiti usisome, geuza nyuma. Tafuta neno "complete". Ukikuta "complementary" maana yake ni kitafunwa, sio mlo, na vile vimirija vya kuramba vingi ni hivyo, hata baadhi ya vipakiti vyenye mchuzi. Halafu tafuta "kitten" au "growth" au "all life stages". Kikiwa cha paka mkubwa peke yake kiache. Wamarekani kupitia AAFCO, chama cha wasimamizi wao wa vyakula vya wanyama, wanataka chakula cha paka anayekua kisipungue asilimia 30 ya protini ukishatoa maji yote, cha mkubwa asilimia 26. Hilo la kutoa maji ndo linawachanganya watu wanaolinganisha kopo na punje. Mfano kipakiti cha chakula laini kimeandikwa protini 10 na unyevu 80. Unaona 10 unasema mbona ndogo, kumbe kilichobaki ukitoa maji ni 20, na 10 kati ya 20 ni nusu nzima. Kikavu kilichoandikwa protini 32 na unyevu 8 unagawa 32 kwa 92, unapata kama 35. Kwa hiyo yule laini ambaye ulidhani ni maji matupu kamshinda mwenzake.

Mizigo mingi huku kwetu inatoka Afrika Kusini, na ile utakuta imeandikwa namba ya usajili inayoanza na V na maneno Act 36 of 1947, ndo sheria yao ya kusajili vyakula vya mifugo. Ya Ulaya wengi wanafuata mwongozo wa FEDIAF, umoja wa viwanda vyao vya vyakula vya paka na mbwa. Sio kwamba namba hiyo inaponya tumbo, ila inakuambia kuna mtu anayeweza kuulizwa.

Kwenye orodha ya viungo vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza. Kwa tumbo la huyo wako nakushauri utafute chenye mnyama aliyetajwa kwa jina, kuku au bata mzinga au samaki fulani, kuliko kile kilichoandikwa nyama na mazao ya wanyama kwa ujumla. Sio sumu, wangu mmoja anakila mpaka leo, lakini maneno ya jumla namna hiyo yanampa kiwanda nafasi ya kubadili aina ya nyama kufuatana na soko, wewe unaona pakiti ile ile kumbe tumbo limepokea kitu kipya. Ukiona massa ya viazisukari au herufi FOS na MOS usishtuke, hizo ni nyuzinyuzi na chakula cha bakteria wazuri, huwekwa makusudi kwenye vyakula vya tumbo. Rangi rangi za punje ni kwa ajili yako wewe mnunuzi, paka hana habari nazo. Na hii fasheni ya "grain free" usiilipie zaidi ukidhani ni dawa, wanatoa mchele wanaweka njegere na dengu, na paka wengi mchele uliopikwa vizuri hauwasumbui.

Chakula cha kupima kwenye mfuko wa nailoni ndo sikipendi hata kidogo. Hujui ni cha nani, hujui kinaisha muda lini, gunia limekaa wazi kwenye joto la Dar na unyevu wake, mafuta yanachacha, na kesho muuzaji akimalizikiwa anakumiminia kingine kinachofanana rangi. Mimi nilikuwa naweka mkono kwenye gunia unatoka na mafuta yananuka nta. Bora kipakiti kidogo kilichofungwa cha kampuni ya kawaida.

Vile vya bei iliyochangamka anavyosema mwenzako vipo kweli, Royal Canin wana Gastrointestinal ya watoto wa paka, Hill's wana i/d, Purina wana EN. Ni vyakula vinavyosagika kirahisi na ni vizuri, lakini ni vya kuelekezwa na dokta, na ukimpa paka mwenye minyoo utakuwa unawalisha minyoo chakula cha gharama.

tabata_mawenzi
Aisee umenifungua macho. Nimegeuza kile kipakiti cha mchuzi nimekuta complementary kabisa, maandishi madogo chini ya tarehe. Na nimempima kwenye mzani wa jikoni nikiwa nimemuweka kwenye bakuli, gramu 640. Ni sawa?

mifugo_kwanza
Uzito uko chini. Kwa wastani wanaongeza kama gramu 100 kwa wiki, wa wiki tisa ningetegemea karibu na gramu 900. Wapo wenye maumbo madogo, ila wewe endelea na mzani huo huo na bakuli hilo hilo, uwe unaandika. Paka anayeharisha lakini uzito unapanda ananipa usingizi, anayeharisha na uzito umesimama hapana. Nenda kesho.

Chukua kinyesi kibichi, cha asubuhi hiyo hiyo, kiasi cha kijiko, weka kwenye kichupa safi chenye kifuniko. Kisikae juani kwenye bajaji masaa mawili. Kama kliniki ya karibu haina hadubini waulize wanapeleka wapi, Temeke ipo maabara ya TVLA, wakala wa maabara ya mifugo, na walioko Morogoro wana hospitali ya wanyama pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine.

kitambi_cha_sinza
Isije ikawa ana aleji ya kuku? Wangu aliambiwa ana aleji.

paka_watatu
Inawezekana ila kwa umri huu ningeiweka mwisho wa foleni. Aleji ya chakula kwa paka mara nyingi inaonekana kwenye ngozi, anajikuna shingo na kichwa mpaka anatoka vidonda, na vinavyotajwa sana ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku. Kuithibitisha unamlisha nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila kama wiki nane bila hata kidokozi, afu unamrudishia ya zamani uone. Nani anaanza na hilo wakati hajapima minyoo.

tabata_mawenzi
Wakuu mrejesho. Kliniki wameweka choo kwenye hadubini mbele yangu, wameona mayai ya minyoo ya duara na pia vijidudu vinaitwa koksidia. Dokta anasema hata dawa ya minyoo ningempa sahihi ile koksidia isingeguswa, ina dawa yake peke yake. Amepewa dawa zote mbili kwa uzito wake na tarehe ya kurudi. Chanjo kasema tusubiri tumbo litulie kwanza. Akaniambia nisiongeze chakula kingine chochote mpaka amalize dozi ya koksidia, niendelee na kuku nikimchanganyia na chakula kikavu cha kitten kimoja tu nitakachochagua.

Swali, mchanga wake wa choo niufanyeje? Nilikuwa nabadilisha ukijaa.

mifugo_kwanza
Safi sana. Toa mavi kila siku, ikiwezekana kila akijisaidia, kwa sababu mayai ya koksidia yakitoka huwa hayajaiva, yanahitaji muda nje ndo yaweze kuambukiza. Ukiwahi kuyatoa unakuwa umekata mzunguko. Jiki haiyasumbui sana, hapo ndo watu wanapodanganyika, maji yaliyochemka ndo kiboko. Beseni la choo lisuuze kwa maji yanayochemka, likauke juani. Na sahani ya chakula isikae jirani na choo. Osheni mikono na watoto wa nyumbani pia, ule mnyoo wa duara unaweza kuwapata watu.

tabata_mawenzi
Poa. Chakula sasa. Hapa Tabata nimezunguka maduka, lile lenye aina nyingi liko mbali na nilipokwenda wakasema mzigo haujafika. Duka la karibu lina aina mbili tu za kitten, zote complete, ya kwanza kuku ndo imetajwa mwanzo, protini 34 na unyevu 8. Ya pili ni ya maneno ya jumla lakini nafuu.

paka_watatu
Chukua ya kwanza, na sababu yangu kubwa sio hata hiyo protini. Sababu ni kwamba iko hapo dukani kila siku. Kwa nchi yetu ambayo mzigo unakaa bandarini au muuzaji anaacha kuagiza bila kumwambia mtu, chakula kizuri kwa tumbo la hivyo ni kile utakachokikuta mwezi ujao. Nimeona watu wananunua cha gharama kabisa, paka anapona, kinaisha, duka halina, wanakimbilia chochote, mwezi wa pili wako humu wanafungua uzi. Kabla ya kumtangaza mshindi muulize muuzaji huwa kinaisha mara ngapi. Na siku zote fungua pakiti mpya wakati ya zamani bado ina robo, ili ukilazimika kuhama uwe na cha kuchanganyia.

mifugo_kwanza
Naunga mkono. Zile punje ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu zilainike, atapata na maji humo humo, maana kikavu kina maji kama asilimia 8 au 10 tu. Ila kwa joto hili kilicholowekwa kikipita kama saa moja bila kuliwa kimwage. Usimwekee bakuli la kutwa nzima linachachuka huku amelala kwenye kiatu chako.

tabata_mawenzi
Mrejesho wa pili na nadhani wa mwisho. Dozi imeisha, choo kimerudi kupimwa, koksidia haionekani. Kuku nimempunguza kidogo kidogo, sasa yuko kwenye kile kikavu cha kuku peke yake, kimelowekwa, mara nne kwa siku. Katikati pale nilipofika nusu kwa nusu kililegea kidogo nikasimama hapo hapo kama mlivyosema, kikajirekebisha chenyewe. Choo sasa hivi kina umbo, unaokota kwa kijiko hakiachi alama. Mzani umefika gramu 910 na chanjo ya kwanza kashachomwa. Jina la chakula sitaji nisije nikaonekana natangaza biashara, atakayehitaji aje inbox.

mama_kikuyu_dom
Hongera. Mimi niko Dodoma, huku vipakiti vidogo kuvipata ni shida, nikienda Dar nabeba mfuko mkubwa wa kilo 10. Nina kapaka kamoja tu, hautaharibika?

paka_watatu
Kwa kapaka kamoja kilo 10 ni nyingi dada, kanaweza kukua na kuvuka umri wa chakula hicho kabla hakijaisha. Ukishafungua jitahidi kiishe ndani ya wiki sita hivi. Tafuta mwenzio mwenye paka mgawane siku hiyo hiyo ya kufungua. Fungu lako liache ndani ya mfuko wake wa asili, toa hewa, kunja, bana, ndo uuweke kwenye ndoo yenye mfuniko, usimimine punje moja kwa moja kwenye ndoo maana mafuta yanaganda kwenye plastiki yanachacha na kuharibu mzigo unaofuata. Na kile kipande chenye tarehe na namba ya mzigo usikitupe, tumbo likisumbua tena dokta atakiulizia.